Namba za simu za wanachama wote zimegeuka 2147483647: je, tumedukuliwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa chenye wanachama 412. Mwaka jana nilitengeneza mwenyewe programu ya kumbukumbu zetu kwa PHP na MySQL. Namba za simu niliziingiza zikianza na 07 au 06. Sifuri ya mbele ilikuwa inapotea, nikaifanya programu iirudishe wakati wa kuonyesha. Wiki iliyopita kampuni inayotutumia SMS ilitaka namba zote zianze na 255, nikaandika amri moja ya kuzibadilisha kwa mkupuo. Kesho yake nikakuta wanachama wote wana namba moja: 2147483647. Nilipoitafuta kwenye intaneti nikaambiwa 214 ni msimbo wa simu za Dallas, Marekani. Mhazini anasema tumedukuliwa na anataka twende polisi. Jirani yangu anayefundisha hisabati ameongeza hofu: anasema hiyo ni namba tasa, na namba tasa kubwa hivyo haiwezi kujitokeza yenyewe, lazima kuna mtu kaichagua. Je, kweli ni namba tasa, na mtu anajuaje bila kuigawa kwa kila kitu? Je, tumedukuliwa? Na namba zetu zitarudi?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwa dalili ulizoeleza, hamjadukuliwa. Hiyo namba imeandikwa na kompyuta yenu wenyewe, kwa kutii amri uliyoipa, na nitakuonyesha hatua kwa hatua ilikotoka. Jirani yako yuko sahihi kwenye hesabu: 2147483647 ni namba tasa, na ni moja ya namba tasa zenye historia ndefu kuliko zote. Alipokosea ni pale alipoanza kumtafuta mtu aliyeichagua.

Ila kabla hujaendelea kusoma, fanya mambo mawili. Usiendeshe amri nyingine yoyote kwenye jedwali hilo, hata ya kujaribu kurekebisha. Kisha mpigie leo anayewahifadhia seva, umuulize kama ana nakala ya kanzidata ya kabla ya siku ile ya amri. Nakala za namna hiyo mara nyingi hufutwa na nyingine mpya kila baada ya siku chache, kwa hiyo kila siku unayokaa na hofu ni siku unayoipoteza. Ukishapiga simu, rudi tuendelee.

Tuondoe kwanza habari ya Dallas. Namba za simu za Marekani zina tarakimu kumi, na tatu za mwanzo huonyesha eneo. Namba yenu nayo ina tarakimu kumi na inaanza na 214, ambao kweli ni msimbo wa Dallas. Hapo pana kufanana tu. Msiipigie. Kama ina mwenyewe, hajui lolote kuhusu chama chenu.

Sasa tuangalie ilikotoka. Chukua ubao wa bao, lile la safu nne za mashimo manane. Lina mashimo 32. Tuseme hatuchezi, tunataka tu kuandika namba, na sharti ni kwamba kila shimo lina kete moja au halina kitu. Shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kuendelea hivyo, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukiweka kete kwenye la kwanza na la tatu, umeandika 5. Ukiweka kwenye la pili, la tatu na la nne, umeandika 14. Hivi ndivyo kompyuta inavyotunza namba, na kila shimo kwake huitwa biti. Aina ya safu uliyoichagua kwenye jedwali lako, ile inayoandikwa INT, ni ubao wa mashimo 32 hasa.

Lakini kompyuta inahitaji pia kuandika namba hasi, kwa mfano deni. Kwa hiyo shimo la 32 limetengwa kwa ajili ya alama: likiwa tupu namba ni chanya, likiwa na kete namba ni hasi. Yamebaki 31 ya kuandikia namba yenyewe. Jaza yote 31 na ujumlishe: 1 na 2 ni 3, ongeza 4 unapata 7, ongeza 8 unapata 15. Utaona kwamba kila mara jumla inapungua moja tu kufikia thamani ya shimo linalofuata. Shimo la 32 lingekuwa na thamani ya 2 kwa kipeo cha 31, yaani 2147483648. Kwa hiyo mashimo 31 yaliyojaa yote yanatoa 2147483647. Hiyo ndiyo namba yenu: ubao uliojaa hadi pomoni.

Namba ya simu yenye 255 mbele inahitaji nafasi kiasi gani? Chukua namba ya kutunga, 255700000000. Hiyo ni zaidi ya bilioni 255, na inahitaji mashimo 38. Ubao wako una 31. Mwaka mzima hukuona tatizo kwa sababu 0700000000, ikichukuliwa kama namba ya kuhesabia, ni milioni 700 tu, inaenea bila shida. Ile sifuri iliyokuwa inapotea ndiyo ilikuwa onyo. Kompyuta ilikuwa inakwambia kwamba umeipa kiasi cha kuhesabu, na kwenye kiasi sifuri ya mbele haina maana. Wewe ukairudisha kwa kuonekana tu, tatizo likabaki chini yake. Usijilaumu kupita kiasi, kosa hili limefanywa na watu waliosomea kazi hii, katika nchi nyingi.

Kitu kikizidi ubao, programu za kompyuta hufuata mojawapo ya njia tatu, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua kama namba zenu zinaweza kurudi. Njia ya kwanza ni kukataa: amri inasimama, inatoa kosa, na hakuna kilichobadilika. MySQL, programu inayotunza majedwali yenu, kuanzia toleo la 5.7 hufanya hivyo usipoigusa. Njia ya pili ni kukata: programu inaweka namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandika, inatoa onyo dogo ambalo wengi hatulisomi, kisha inaendelea. MySQL za zamani, au mpya iliyolegezwa masharti, hufuata njia hii. Ndiyo iliyokukuta. Ziwe 412 au laki nne, zote zinakatwa kwenye ukomo uleule, ndiyo maana zimefanana.

Njia ya tatu ni kuzunguka, kama mkono wa saa unavyopita 12 na kurudi 1. Ubao ukijaa na ukaongeza moja tu, kete zote 31 zinaondoka na moja inatua kwenye shimo la alama, namba inaruka kutoka 2147483647 kwenda -2147483648. Lugha nyingi za programu hufanya hivi. Kwenye mfumo wa aina hiyo, 255700000000 ingegeuka -1998037760. Inaonekana kama uharibifu mbaya zaidi, sivyo? Kumbe ni afadhali mara mia. Kinachobaki hapo ni baki la namba yako baada ya kugawanywa kwa 4294967296, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32, na baki ni kumbukumbu. Namba za simu za mkononi za Tanzania ziko kati ya 255600000000 na 255799999999. Upana huo ni milioni 200 tu, mdogo sana kuliko mzunguko mmoja, kwa hiyo kila baki lina namba moja tu inayoweza kuwa imelizaa. Ongeza 60 mara 4294967296, yaani 257698037760, kwenye -1998037760, na utapata 255700000000 kamili. Kama seva yenu ingezungusha, ningekuandikia mstari mmoja na kazi ingeisha.

Yenu ilikata. Nakwambia bila kuficha: ndani ya 2147483647 hakuna chembe ya namba ya mwanachama yeyote. Atakayekuja na kudai ana programu ya kuitoa humo, usimpe hela.

Nije kwa jirani yako, maana swali lake ni zuri na linastahili jibu kamili.

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyo na vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe. Kuthibitisha kwamba 2147483647 ni tasa, njia ya darasani ni kuigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Huhitaji kufika mbali kama watu wanavyodhani. Kama namba ina vigawo viwili vinavyozidishana kuizaa, kimoja lazima kiwe hakizidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha namba yetu ni 46340 na kidogo. Kwa hiyo ukimaliza namba tasa zote hadi 46340 bila kupata kigawo, umeshinda. Tatizo ni kwamba namba tasa hizo zinakaribia 4800. Kwa kalamu na karatasi ni kazi ya miezi, na kosa moja la kutoa linaharibu kila kitu.

Mwaka 1603 mwanahisabati Mwitalia Pietro Cataldi alidai kwamba 2 kwa kipeo cha 23, 29, 31 na 37, ukitoa moja kwenye kila jibu, hutoa namba tasa. Alipatia moja tu kati ya nne, hii yetu. Ya 23, kwa mfano, ni 8388607, na inagawanyika kwa 47. Mfaransa Marin Mersenne naye aliiweka 31 kwenye orodha yake ya mwaka 1644, orodha iliyokuwa na makosa pia, na namba za umbo hili zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Lakini kudai si kuthibitisha. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1772, pale mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na karibu kipofu kabisa, alipomwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba amemaliza kuikagua. Mtu asiyeona, bila mashine, aliwezaje?

Hakuwa na nguvu ya kugawa kuliko sisi. Alijua ni namba zipi hazina haja ya kujaribiwa. Nitakueleza siri hiyo kwa mfano mdogo, na nakuomba uchukue karatasi, kwa sababu ukiiona kwa mkono wako hutaisahau.

Chukua 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Unapata 2047. Ingawa 11 ni tasa, hii si tasa: ni 23 mara 89. Sasa anza na 1 na uzidishe kwa 2 mfululizo, na kila ukizidi 23 punguza 23 ubaki na baki. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inakuwa 9, halafu 18, 13, 3, 6, 12, na hatua inayofuata ni 24, yaani 1 tena. Umezunguka duara na kurudi nyumbani kwa hatua 11. Kati ya mabaki 22 yanayowezekana, kuanzia 1 hadi 22, umepita 11. Chukua ambalo hukulipitia, kwa mfano 5, na uzunguke tena: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, kisha 28, yaani 5. Duara la pili, nalo la watu 11, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye la kwanza. Mabaki yote 22 yamegawanyika katika maduara ya ukubwa uleule bila mtu kubaki nje. Ndiyo maana 22 lazima igawanyike kwa 11.

Hilo halikutokea kwa bahati. Kama namba tasa fulani inagawa 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa moja, basi kuzidisha kwa 2 mara 31 kunarudisha kwenye 1. Duara haliwezi kufunga mapema, kwa sababu hapo urefu wake ungelazimika kugawa 31, na 31 ni tasa. Kwa hiyo kila duara lina watu 31 kamili, na kigawo hicho ukikitoa moja lazima kigawanyike kwa 31. Tena kigawo chenyewe ni witiri, kwa hiyo ukitoa moja unapata shufwa. Kwa pamoja, kigawo chochote cha namba yetu lazima kizidi kigawe cha 62 kwa moja. Ukirudi kwenye mfano wetu, 23 ni 22 na moja, na 89 ni mara nne ya 22 na moja. Inakubali.

Kuna sharti la pili ambalo sitalithibitisha hapa kwa sababu ni refu: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti mawili yakiungana, namba za kujaribu ni zile tu zinazobakiza 1 au 63 ukizigawa kwa 248. Kati ya maelfu ya namba hadi 46340, zinabaki 373 peke yake, na nyingi kati ya hizo si tasa, zinaanguka zenyewe. Tazama mwanzoni: 63, 249, 497, 559, zote zina vigawo vidogo. Namba tasa ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawa, utabaki na 35. Zinazofuata zinaanguka zote hadi ufike 1303. Gawa, utabaki na 226. Huo ndio mwendo, na mtu mvumilivu wa darasani kwa jirani yako anaweza kuumaliza kwa siku chache za likizo. Euler alifika mwisho bila kupata kigawo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu inayojengwa kwa namba hii tasa, yaani namba inayolingana na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa hazina matumizi na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Leo namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni ya umbo hilihili la Mersenne, kipeo chake ni 136279841, na ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Sasa je, utasa wake unathibitisha kwamba mtu kaichagua? Hapana. Ukubwa wa ubao ulichaguliwa na wahandisi kwa sababu nyingine kabisa: 8, 16, 32 na 64 ni ukubwa unaoongezeka mara mbili mara mbili, rahisi kwa mashine. Ondoa shimo moja la alama, unabaki na 7, 15, 31 na 63. Mashimo 7 yaliyojaa ni 127, namba tasa. Mashimo 15 ni 32767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151, si tasa. Mashimo 31 ni hii yetu, tasa. Mashimo 63 ni 9223372036854775807, na hiyo inagawanyika kwa 7. Utaona sababu ukitazama ubao: kete 63 unaweza kuzipanga kwa makundi ya tatutatu bila baki, na kila kundi la kete tatu lina thamani ya 7 au 7 iliyozidishwa kwa vipeo vya 2. Kwa hiyo 7 inagawa zote. Kete 31 huwezi kuzigawa katika makundi sawa, ndiyo maana namba yetu ilikuwa na nafasi ya kuwa tasa, na ikawa. Mwambie jirani yako kwamba wapo kweli waandishi wa programu waliowahi kuichagua namba hii kwa sababu ya utasa wake, kwa mfano kwenye kutengeneza namba za kubahatisha. Lakini hilo limetokea kwao, si kwenye jedwali lako.

Kwa kuwa anapenda hesabu, mpelekee na hii. Zidisha 2147483647 kwa 2 kwa kipeo cha 30 na utapata 2305843008139952128, namba ambayo vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinarudisha namba ileile, kama 6 inavyorudi kwa 1, 2 na 3. Halafu mtu angedhani kwamba 2 kwa kipeo cha 2147483647, ukitoa moja, ingekuwa tasa pia. Si tasa. Inagawanyika kwa 295257526626031, na kigawo hicho kinatii sheria ileile ya maduara: kitoe moja, kigawe kwa mara mbili ya 2147483647, utapata 68745 bila baki. Mimi hili hunifurahisha kila nikilikagua.

Turudi kwenye chama. Kama nakala ya seva ipo, iweke pembeni kwenye jedwali jipya, usiirudishe juu ya lililopo, kwa sababu huenda tangu siku ile mmeingiza marejesho ya mikopo. Chukua safu ya simu peke yake na uioanishe kwa namba ya uanachama. Kama nakala haipo, uliza kama seva hutunza shajara ya mabadiliko, maana nyingine huandika hali ya kila mstari kabla na baada ya amri. Ikishindikana, ripoti za SMS mlizotuma zamani ziko kwa kampuni ile, taarifa za malipo ya simu zina namba za waliolipa, na fomu za kujiunga ziko kabatini. Kuandika upya namba 412 ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Safari hii usizihifadhi kama namba. Utashauriwa utumie BIGINT, ubao wa mashimo 64, na kweli zitaenea. Nakushauri usifanye hivyo. Namba ya simu haijumlishwi, haizidishwi, haina kubwa wala ndogo. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Ihifadhi kama maandishi, aina ya VARCHAR yenye nafasi 20, na sifuri au alama ya kujumlisha mbele vitakaa mahali pake. Fanya vivyo hivyo kwa namba za vitambulisho vya NIDA, ambazo zina tarakimu 20 na hazienei hata kwenye mashimo 64.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko simu ni fedha. Kama jumla ya akiba ya chama unaihifadhi kwenye safu ya INT, itaishia shilingi 2,147,483,647. Bilioni mbili na kidogo si mbali kwa chama cha watu 412 kikikua, na siku mkifika hapo hesabu itasimama kimya, na mhazini wako atatafuta mwizi asiyekuwepo. Badilisha safu hizo sasa, baada ya kuchukua nakala. Angalia pia tarehe. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ubao wa mashimo 31 utajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 asubuhi na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa zetu. Kama kuna mkopo wa muda mrefu wa kiwanja au nyumba unaoishia baada ya hapo, kagua umehifadhiwaje.

Polisi msiende kwa sababu ya namba hii. Mngekuwa na sababu kama namba za simu zingebadilika kwa wanachama wachache tu na kuwa namba tofauti zinazopokelewa, kama viwango vya mikopo vingehama, au kama mngekuta mtu ameingia kwenye programu kwa saa ambazo hakuna aliyekuwa kazini. Mkiona lolote kati ya hayo, zimeni programu na mtoe taarifa siku hiyohiyo.

Na kazi ya kurudisha nakala usiifanye peke yako usiku ukiwa umechoka. Tafuta mtu aliyewahi kusimamia kanzidata, akae nawe mezani, na mhazini awepo akiona. Asiondoke na jedwali la wanachama kwenye flashi yake. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama ndicho kitakachoulizwa. Mkishamaliza, tuma SMS moja ya majaribio kwa simu yako na ya mhazini kabla ya kutuma kwa wote 412.